Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Kontena lisipakiwe kabla hatujaulizwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: MISAADA YA VIFAA TIBA VYA ZIADA NA VILIVYOTUMIKA KUTOKA NJE YA NCHI

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua zangu nyingi za kikazi zimeanza kwa maneno hayo, zimepita kwa mganga mfawidhi, zimegongwa mhuri, na karibu zote zilikuwa zinaomba spea. Hii haiombi spea. Nimeiandika usiku, nje ya saa za kazi, na nimeamua kuiacha wazi ili na mafundi wenzangu waisome.

Mimi ni fundi sanifu wa vifaa tiba katika hospitali moja ya wilaya, Nyanda za Juu Kusini. Mwaka huu natimiza miaka 11 kazini. Jina la hospitali nalihifadhi, kwanza kwa sababu nitakayosimulia yangeweza kutokea wilaya yoyote, na pili kwa sababu kazi yangu bado naipenda.

Ninaloomba ni moja, na nalisema mapema maana najua barua zinazokufikia ni nyingi. Kontena la msaada wa vifaa tiba lisipakiwe huko linakotoka mpaka hospitali inayopokea iwe imeandika inachotaka, na fundi wa hospitali hiyo awe amesaini orodha ya vitu vitakavyokuja. Saini itangulie meli.

Nyuma ya dobi letu kuna chumba ambacho kwenye ramani ya majengo kimeandikwa "stoo ya vifaa". Sisi tunakiita makaburini. Ukifungua mlango unakutana kwanza na vitanda viwili vya umeme, vizuri kuliko kitanda chochote nilichowahi kulalia, vimekwama miguu juu kwa sababu rimoti zake hazikuja. Nyuma yake zimepangwa monita 9 za kufuatilia hali ya mgonjwa. Moja bado ina ile plastiki ya kiwandani kwenye kioo. Hazina waya wa kidoleni, hazina mkanda wa presha, na matundu yake ni ya aina ambayo duka la Mbeya halina waya wake na la Dar pia halina. Kuna mashine ya ultrasaundi iliyokuja bila probu, kile kichwa kinachopitishwa mwilini mwa mgonjwa, ambayo ni sawa na televisheni isiyo na antena. Kuna maboksi ya seti za kubadilishia nyonga. Hospitali yetu inafanya upasuaji wa uzazi, ngiri na kidole tumbo. Mwenye shida ya nyonga tunampa rufaa, hata kama seti tunazo hadi darini.

Kuna na inkubeta ya watoto. Mwaka juzi kuku wa mlinzi aliingia dirishani akatagia ndani yake, akaatamia, vikatoka vifaranga saba. Mlinzi akaniambia, "Fundi, si ulisema mbovu? Mbona imefanya kazi yake?"

Vyote hivi ni zawadi. Na waliozileta sina ugomvi nao. Najua zinakotoka. Kwenye hospitali za Marekani pakiti ya upasuaji ikishafunguliwa, kilichobaki hakirudi kwenye rafu hata kama hakikuguswa. Hospitali ikibadilisha kampuni inayowauzia, shehena nzima ya kampuni ya zamani inakuwa ziada. Mashine inaondolewa kwa sababu kuna toleo jipya, ingawa yenyewe ni nzima. Watu wenye huruma waliona vitu hivyo vinaenda jalalani, wakasema haiwezekani. Shirika la misaada la Project C.U.R.E. lilianza hivyo mwaka 1987 kule Colorado. Chuo Kikuu cha Yale nacho kilikuwa na mpango wake wa kuokoa mabaki ya vyumba vya upasuaji tangu 1991. Nia ni njema, na kuna vitu vingi mno vizuri. Kinachokosekana ni swali.

Kontena letu la mwisho, la futi 40, lilifika mwezi wa Juni, kwenye baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Lilikuwa limekaa bandarini wiki kadhaa likisubiri vibali, na gharama za kukaa pale zilikatwa kwenye makusanyo ya hospitali, fedha zile zile tunazonunulia glavu. Siku ya kulipokea kulikuwa na kwaya, utepe, maturubai na soda. Mgeni rasmi alipigwa picha akiwa ameshika viti vya magurudumu vya safu ya kwanza. Safu ya pili hakuna aliyeigusa siku hiyo.

Tuliifungua kesho yake: mimi, mfamasia, Sista wa wodi ya wazazi na vijana wawili wa kubeba. Hati iliyokuja na mzigo ilikuwa na mstari mmoja tu: vifaa mchanganyiko vya hospitali. Sista alivaa miwani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kusoma tarehe za mwisho wa matumizi kwa sauti, boksi moja baada ya jingine, kama mwalimu anayeita majina. Nyuzi za kushonea, nzuri kabisa, aina tunayoitumia, zilikuwa zimebakiza miezi minne. Kwa kasi yetu zilikuwa za kututosha miaka mitatu. Mfamasia akahesabu, akanyamaza, akahesabu tena. Tulizigawa kwa hospitali mbili za jirani, na zilizobaki zikapita tarehe mikononi mwetu. Kuziteketeza kuna utaratibu wake na gharama yake, na hiyo pia tulilipa sisi.

Kosa kubwa la wiki ile, Mheshimiwa, ni langu, na nalikiri hapa. Ndani ya kontena kulikuwa na vitanda vitatu vya kupashia joto watoto wachanga. Wodini tulikuwa na njiti wawili. Sista hakusema kitu, aliniangalia tu. Nilitoa kimoja, nikakifuta vumbi, ile plagi yake ya meno mawili bapa nikaivalisha adapta ya shilingi elfu tatu, ikaingia ukutani kama imezaliwa pale. Sikuzunguka nyuma kusoma kibati. Kibati kilisema volti 120. Ukuta wetu unatoa 230. Ile koili ilikolea wekundu ambao sijawahi kuuona, sekunde mbili au tatu hivi, halafu ikaja harufu ya plastiki inayoungua na wodi nzima ikazimika. Namshukuru Mungu mtoto alikuwa bado kwa mama yake. Wale njiti tuliwalea kwa kangaruu, ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama zao, na wote wawili waliruhusiwa kwenda nyumbani. Kitanda nilichokiunguza kipo makaburini, upande wa kushoto, na kila nikiingia mle ndicho ninachokiona kwanza.

Kila ninaposimulia hili mtu huniuliza kwa nini hatukununua transfoma. Tulinunua, kwa vile viwili vilivyobaki, na kwa kifaa cha kutoa joto inasaidia. Lakini transfoma inabadilisha volti tu, mzunguko wa umeme haiugusi. Umeme wa Marekani una hezi 60, wetu una 50. Mashine yenye mota iliyotengenezewa 60, ukiilisha 50, mara nyingi inazunguka pungufu kwa kiasi cha sehemu moja ya sita. Kwenye feni hilo si neno. Kwenye mashine ya kuzalisha oksijeni ni neno kubwa, kwa sababu kompresa inasukuma hewa pungufu na oksijeni inayomfikia mgonjwa inaweza kushuka chini ya asilimia 82, kiwango cha chini anachopaswa kupata kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Mashine inanguruma, mapovu yanatoka kwenye kichupa cha maji, muuguzi anaona kazi inakwenda. Asiye na kipimo cha oksijeni hawezi kujua. Kipimo chenyewe ni kidogo, kinaingia mfukoni mwa koti. Katika makontena yote niliyoshiriki kuyafungua sijakikuta hata kimoja.

Haya hayakuanzia kwetu. Baada ya tetemeko la Armenia mwaka 1988 zilimiminika tani 5,000 za dawa na vifaa, na ilichukua watu 50 miezi sita kujua tu wamepokea nini. Wakati wa vita vya Bosnia, kati ya 1992 na 1996, tani zipatazo 17,000 za dawa zilizopokelewa hazikufaa, na kuziteketeza kukawa mzigo mwingine juu ya vita. Kutokana na visa vya namna hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa mwaka 1996, na umeshafanyiwa marekebisho. Unasema dawa ifike ikiwa imebakiza angalau mwaka mmoja. Unasema ubora usiwe na mizani miwili, kwamba kisichokubalika nchini kwa mtoaji kisikubalike kwa mpokeaji. Mwaka 2011 likatoa na mwongozo wa vifaa tiba, na humo limeandika kwamba katika baadhi ya nchi ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa vilivyotolewa ndivyo huanza kazi. Kwa hiyo makaburi yetu yana ndugu zake duniani kote.

Miongozo tunayo. TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nao wana vibali vyao vya kuingiza vifaa, na wanafanya kazi yao ya kuangalia usalama na ubora. Lakini aliyeko Dar hawezi kujua kwamba mlango wa tieta yetu una upana wa sentimita 110, kwamba maji yetu yana chokaa, au kwamba umeme wetu jioni unashuka mpaka taa zinakuwa za rangi ya chungwa. Anayeyajua hayo ni fundi, muuguzi na mhudumu wa pale pale. Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chunguche. Anayejua chungu chake kinapika nini ndiye aachiwe kusema amepungukiwa na nini.

Na hili, Mheshimiwa, wizara yako inalijua vizuri kuliko mimi. Mama yangu alikuwa muuguzi wa zahanati miaka ya 1980. Enzi hizo Mpango wa Dawa Muhimu, kwa fedha za Denmark kupitia UNICEF, ulipeleka boksi la dawa lililofungwa kwa kila zahanati. Boksi la zahanati ya Ifakara kwenye joto lilikuwa lile lile la zahanati ya Makete kwenye baridi. Mama anasema kwetu huku dawa za kifua ziliisha mapema, klorokwini za malaria zikabaki zinajaa kabatini, na wenzake wa bondeni walikuwa wanalia kinyume chake. Maboksi yenyewe yalikuwa imara sana, madaftari yangu ya shule ya msingi yalikaa ndani ya moja mpaka nikamaliza darasa la saba. Siubezi mpango ule. Kabla yake zahanati nyingi zilikuwa na kuta na benchi tu. Ila ilifika mahali Serikali yenyewe ikaona kwamba kumpelekea kila mtu boksi moja ni kupoteza, ikahamia hatua kwa hatua kwenye utaratibu wa kila kituo kuagiza inachotaka kutoka Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Leo mfamasia wangu akiagiza anaandika dawa, kiasi, na salio lililopo. Hakuna anayemletea asichokiomba.

Sasa inakuwaje kidonge cha Paracetamol kinahitaji fomu, halafu mashine ya usingizi inaingia kwa kwaya?

Hata mitumba tunaichagua. Nenda mnada wowote asubuhi belo linapokatwa kamba. Mama atanyanyua sweta, atalivuta mabega, atachungulia kwapani, atajaribu zipu mara mbili, atalirudisha. Muuzaji hakasiriki, ndiyo biashara. Gari lililotumika Japani nalo linakaguliwa kabla halijaruhusiwa barabarani. Kifaa cha kumsaidia binadamu kupumua ndicho kinaingia bila mtu kujaribu zipu.

Nikwambie na lililokwenda vizuri, maana lipo. Kuna kikundi cha watu wa kanisa moja la Ulaya waliotuandikia miezi minane kabla ya kutuma chochote. Barua yao ya kwanza ilikuwa na maswali ya kuchosha. Umeme wenu volti ngapi? Unakatika mara ngapi kwa wiki? Maji yanatoka bombani au tangini? Mlango mwembamba kuliko yote kutoka getini mpaka chumba cha kutakasia vifaa una upana gani? Nilichukua futi nikapima milango sita, Sista akinicheka. Walituletea chombo kimoja tu. Jiko la kutakasia vifaa kwa mvuke, linalotumia umeme ukiwepo na gesi usipokuwepo, likiwa na kitabu cha matengenezo chote, si kile cha kurasa nne chenye picha ya mwanamke anayetabasamu. Ndani ya mfuniko walibandika bahasha yenye mipira sita ya akiba ya kuzuia mvuke, na karatasi yenye namba ya mpira huo ili ukiisha tujue tuagize upi. Huu ni mwaka wa saba. Nimebadilisha mipira minne. Kila mama aliyefanyiwa upasuaji kwetu katika miaka hiyo, vyombo vyake vilipita mle. Hakuna aliyekata utepe siku ile, lilikuja na Canter kama saa nne usiku.

Hata kwenye yale mashirika makubwa ya ziada jambo hili linawezekana. MedShare, lililoanza 1998 pale Atlanta, huiruhusu hospitali inayopokea kuingia mtandaoni kwenye orodha ya stoo yao na kuchagua yenyewe vitu vya kontena lake. Kwa hiyo anayetuambia kwamba hakuna namna ya kuuliza kabla, hajataka kuuliza.

Kuna kero moja ambayo watu wa nje hawaijui na huenda hata mezani kwako haijafika. Kifaa cha msaada kikishapokelewa kinaingizwa kwenye rejista, kinapigwa namba, kinakuwa mali ya Serikali. Haidhuru kilifika kizima au kilifika mfu. Zile monita 9 zina namba, nilizipaka kwa mkono wangu kwa rangi nyeupe. Kuziondoa ni lazima zipite hatua za kufuta mali: kamati, uthamini, uhakiki, kibali. Utaratibu huo una maana yake, bila huo hospitali zingeuzwa vipande vipande. Lakini matokeo yake ni kwamba taka ya mtu mwingine ikishavuka geti letu inalindwa kisheria kuliko mgonjwa. Wakaguzi wakija wananiuliza kwa nini vifaa 40 havifanyi kazi, na kwenye ripoti inaonekana fundi ni mzembe. Sina pa kuandika kwamba havijawahi kufanya kazi hata siku moja.

Utauliza kwa nini hatukatai. Nilimuuliza mganga mfawidhi wetu wa zamani swali hilo hilo, mtu ninayemheshimu sana. Alinijibu, "Fundi, tukikataa hiki kibovu, kile kizuri hakitakuja." Na hakukosea. Mfadhili mara nyingi ana mwenyeji, mwenyeji ana jina wilayani, mgeni rasmi ameshapangiwa tarehe. Fundi wa wilaya hawezi kusimama mbele ya kamera akasema hapana. Ndiyo maana nimekuandikia wewe. Likitoka kwangu linaitwa kiburi, likitoka kwako linaitwa utaratibu, na mfadhili wa kweli ataufuata.

Ziada yenyewe haiko ng'ambo tu. Hospitali ya wilaya jirani ilipewa taa za bluu za kutibia manjano ya watoto na wafadhili wawili ndani ya mwaka mmoja, kila mmoja bila kumjua mwenzake. Mbili zikawa zimelala kwenye boksi. Sisi hatukuwa na hata moja, tulikuwa tunawapeleka watoto rufaa kwa gari la wagonjwa, saa mbili na nusu za makorongo. Nilijua habari za taa hizo kwenye grupu letu la WhatsApp la mafundi. Toka siku hiyo mpaka taa moja ikavuka mpaka wa halmashauri na kufika kwetu ilipita miezi saba ya barua, kisha kikao, kisha barua nyingine. Ni kilomita zipatazo 60. Kutoka Marekani kontena linakuja kwa muda usiofika hapo.

Wafamasia wa wilaya wameshatuonyesha njia. Vipimo vya malaria vikikaribia tarehe kwenye zahanati yenye wagonjwa wachache, vinapakiwa kwenye bodaboda vinapelekwa yenye wengi, na hati inafuata. Kwenye vifaa hatuna kitu kama hicho. Tungekuwa na orodha moja ya mkoa, ya nani ana kilichozidi na nani amekosa, na mganga mkuu wa mkoa akawa na mamlaka ya kuhamisha ndani ya wiki mbili, nusu ya tunayoyaomba nje tungeyakuta kwa jirani. Orodha hiyo hiyo ndiyo mfadhili angepewa asome kabla hajaanza kufunga maboksi.

Kwa hiyo ninayokuomba uyatolee waraka ni haya, na hayahitaji bajeti ya kutisha. Hospitali au kituo kiandike mahitaji yake na kuyahuisha kila robo mwaka. Mtoaji alete orodha ya kitu kwa kitu, yenye volti na hezi, mwaka wa kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na picha ya kile kibati cha nyuma. Fundi na mkuu wa wodi husika wasaini au wakatae, na kukataa kwao kusihesabiwe utovu wa nidhamu. Kila mashine ije na waya zake, spea za miaka miwili, kitabu cha matengenezo na neno la siri la kuingilia mfumo wake, maana siku hizi mashine nyingi zinafungwa na kampuni hata fundi mwenye elimu yake hawezi kuzigusa. Kilichofika kikiwa kibovu kiruhusiwe kuandikwa hivyo siku ya kwanza, kabla hakijapewa namba. Na pale mfadhili anapouliza atoe nini cha maana kuliko vyote, aambiwe alipe ada ya kijana mmoja anayesomea vifaa tiba pale DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Wilaya yangu ina fundi mmoja, na ndiye anayekuandikia.

Kuna wenzangu watasema nimetia mchanga kitumbua, kwamba wafadhili wataisoma barua hii wakasusa. Wale wa milango sita hawatasusa, wao walituma futi yao wenyewe mara ya pili ili nipime kwa usahihi zaidi. Ninayo mpaka leo, ya chuma, nusu sentimita nusu inchi, naitumia kila siku.

Makaburini ni nyuma ya dobi, mlango wa kijani, na ufunguo ninao mimi. Ukipita Nyanda za Juu Kusini karibu sana, ila tafadhali uje bila taarifa. Ukitanguliza taarifa watapapaka rangi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu wa vifaa tiba,
Hospitali ya wilaya, Nyanda za Juu Kusini.

Nakala: Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, TAMISEMI